Betri za Babu: historia fupi ya chaji pale Ilagala

Najua nimepotea, ila mwanafunzi mwenye UE haulizwi alikuwa wapi, teh teh teh. Mitihani imekwisha, bumu bado halijatoka, na mimi nipo zangu hosteli, mezani kuna redio kaseti ya zamani na kanda moja ya C60. Hiyo kanda ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Lakini kabla sijafika huko kuna kesi ya kumaliza kwanza.

Kesi yenyewe ni ya rumeti wangu. Juzi kanunua simu mpya, kaishika kama mtu aliyebeba mayai, halafu akaiangalia redio yangu akasema, "Mwana, nyie watu wa Kigoma teknolojia imewafikia juzi tu." Mbele yake nilicheka. Usiku nikashindwa kulala.

Kwa wasiokujua kwetu: Ilagala ipo kusini mwa mji wa Kigoma, kando ya Mto Malagarasi, karibu kabisa na pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Siku hizi ni Wilaya ya Uvinza, iliyomegwa kutoka Kigoma Vijijini mwaka 2012. Ni nchi ya michikichi na mawese, dagaa na migebuka. Na nakwambia, tangu enzi za babu nyumba yetu haikuwahi kukosa kifaa. Redio ilikuwepo, kanda zilikuwepo, baadaye simu ikawepo. Tulichokuwa tunakosa ni chaji.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria. Ukisoma historia ya teknolojia mahali popote, inapangwa kwa miaka ya kuvumbuliwa: mwaka huu fulani katengeneza hiki, mwaka ule kile kikapitwa na wakati. Kwetu ukiipanga hivyo hutaelewa kitu. Ukitaka kujua kwa nini kifaa fulani kilikaa Ilagala miaka ishirini na kingine kikapita kama mgeni wa msibani, uliza swali moja tu: kilikuwa kinakula nini, na chakula chake kilitoka wapi?

Basi bwana, tuanze na redio.

Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947 kwenye maabara za Bell, na redio ndogo ya kwanza ya transista ikaingia sokoni mwaka 1954. Kabla ya hapo redio nyingi zilikuwa makabati yenye taa za vioo ndani, yanayokula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Transista ndiyo iliyoifungua redio kutoka ukutani. Ikawezekana mtu aliye mbali na nguzo ya umeme kwa mamia ya kilomita akasikia dunia kwa betri chache tu.

Kwetu nako mambo yakaenda sambamba. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaja kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita, wenye jina la National, ikafungua kiwanda Dar es Salaam cha betri na redio. Likumbukeni hilo jina la Matsushita maana litarudi tena huko mbele.

Kwa hiyo babu yangu wa Ilagala, mtu wa michikichi na mtumbwi, alikuwa mteja wa elektroniki kabla baba yake rumeti wangu hajazaliwa! Redio yake ya kwanza aliipata kwa mauzo ya mawese. Ya pili ndiyo hii redio kaseti iliyoko mezani kwangu, inayomeza betri nne kubwa za volti 1.5 kila moja.

Na redio haikuwa pambo. Mwaka 1973 serikali ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza kipindi redioni, wana kijitabu mkononi, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Walioshiriki nchi nzima wanakadiriwa kuwa kama milioni mbili. Milioni mbili, wadau, kwa betri kavu! Leo tukisikia "kujifunza kwa mtandao" tunadhani tumegundua mwezi.

Ila betri ziliisha, na hazikuwa bei ya mchezo. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na fani yake ya kubana matumizi. Bibi anasema kwa babu redio iliwashwa kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo, Mama na Mwana kwa ajili ya watoto, Pwagu na Pwaguzi kwa ajili ya kila mtu, basi. Ikizimwa, imezimwa. Betri zikichoka zinaanikwa juu ya bati pamoja na dagaa. Msicheke, maana ile ina sayansi yake: joto na mapumziko vinaiamsha kidogo kemia iliyobaki ndani ya betri, unapata tena taarifa ya habari moja au mbili.

Kanda ndiyo ilikuwa anasa zaidi. Redio peke yake inakula kidogo, lakini kanda inazungushwa na mota, na mota ndiyo mlafi. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye akili aliyerudisha kanda nyuma kwa kubonyeza kitufe. Unachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la kanda unazungusha kwa mkono huku unapiga stori. Watu wa umri wangu mtandaoni wakiona picha ya kanda na kalamu wanaiweka kama utani wa zamani. Kwetu ile ilikuwa bajeti ya nyumba.

Sasa sikilizeni kitu ambacho huwa kinanichekesha. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ililetwa mwaka 1965, iliitwa ICT 1500, ikawekwa Wizara ya Fedha. Baadaye mahesabu ya serikali yaliyopelekwa kwenye kompyuta yakavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikawekwa kwenye kapu hilo hilo. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Zanzibar walizindua televisheni ya rangi, wakati sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza, ITV ikiwemo. Hapa chuoni wanafunzi wa IT wakisikia habari ya marufuku ile wanashika kichwa: tumepoteza miaka ishirini! Na kweli kwa nchi ni pigo. Lakini nilipomuuliza bibi 1974 ilikuwaje Ilagala bila televisheni, akaniuliza, "Ingechomekwa wapi?"

Nikakosa jibu. Kwetu marufuku ilianza siku nyingi kabla ya serikali, na iliendelea miaka mingi baada ya serikali kuiondoa.

Televisheni ilikuja hatimaye, kwa mlango wa kibanda umiza. Mnakijua? Kibanda cha mabati au makuti, mabenchi ya mbao, televisheni ya kichogo, deki, na nje jenereta dogo la petroli linalopiga kelele kuliko filamu yenyewe. Mimi ni mtoto wa 1999, kwa hiyo nilikuta mwishoni mwishoni mwa enzi hiyo. Tuliangalia filamu zilizotafsiriwa na Lufufu, yule bwana aliyekuwa anasimulia sinema za nje kwa Kiswahili juu ya sauti zao, tena anaongezea na maoni yake. Mpaka leo nikimwona Schwarzenegger anazungumza Kiingereza naona kama kapewa sauti ya mtu mwingine.

Ila hapo napo mwamuzi alikuwa petroli. Mwenye kibanda ananunua kwa chupa, anapiga hesabu ya filamu moja na nusu, filamu ya pili ikifika patamu jenereta linaanza kukohoa. Kuu! Kuu! Giza. Watoto wanapiga kelele warudishiwe hela, mwenye kibanda anaapa kesho ataanzia pale pale. Kesho anaanza upya toka mwanzo. Jamani, mwisho wa Commando nimeuona nikiwa mwaka wa kwanza hapa chuo! Filamu ya 1985!

Haya, twende kwenye simu, maana najua ndiyo ugonjwa wetu wote.

Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi Tanzania ni Mobitel, mwaka 1994. Vodacom wakaja 2000, Celtel 2001. Minara ilianza mijini, sisi wa kando ya ziwa tukawa na "sehemu za netiweki". Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na mchikichi wake mmoja ambao simu ukiiegemeza pale kwenye shina, upande wa ziwani, inapata mistari miwili. Mtu akija kumtafuta mchana anaambiwa, "Mjomba yupo kwenye mtandao," maana yake kasimama chini ya mti.

Simu yenyewe ilikuwa Nokia 1100. Wadau, naomba tusimame dakika moja kwa heshima. Ilitoka mwaka 2003, zikauzwa zaidi ya milioni 250, na mpaka leo inatajwa miongoni mwa simu zilizouzwa zaidi kuliko zote duniani. Haikuwa na kamera, haikuwa na rangi. Ilikuwa na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira vumbi lisiingie, chaji ya siku kadhaa, na tochi. Tochi! Wale waliokuwa Ulaya waliiona kama kichekesho. Sisi tuliona mtu wa kiwandani amewahi kutembea usiku njia ya kwenda mtoni. Simu ile ilishika Ilagala kwa sababu ilikuwa simu ya kwanza iliyotengenezwa na mtu aliyefikiria giza.

Hata gemu la nyoka lilikuwa na sheria zake. Nokia walianza kuliweka kwenye simu ya 6110 mwaka 1997. Kwetu ulikuwa unaruhusiwa kucheza siku ambayo simu inapelekwa kuchajiwa, ile chaji ya mwisho mwisho. Ukikutwa unacheza simu ikiwa imejaa, unakula kofi. Mimi nimelila hilo kofi.

Kuchaji ilikuwa safari. Mwenye jenereta au betri ya gari anaweka kibanda, simu zimepangwa kama mahindi, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina. Unalipa mia tatu, unarudi jioni. Wengine waliacha betri peke yake ikabanwa kwenye chaja ya kobe, simu wanabaki nayo mfukoni, imekufa lakini ipo, heshima inabaki pale pale.

Mwanzoni chaji ikiisha umekosa maongezi tu. Mambo yalibadilika M-Pesa ilipoingia. Kenya walianza Machi 2007, sisi Aprili 2008. Ghafla simu ikawa mfuko wa hela, na chaji ikawa ufunguo wa mfuko. Nakumbuka mdogo wangu aliumwa malaria, joto linapanda. Mjomba alikuwa ameuza madumu ya mawese na mnunuzi ametuma pesa kwa simu. Hela ya dawa ipo! Ila ipo ndani ya simu iliyozima, na jenereta la kibandani halina petroli. Mama analia, mjomba anaitikisa simu kama chupa ya dawa. Mwishowe akatulia, akafungua mfuniko, akachomoa laini, akatoka nayo ameiweka kwenye kiganja kama punje ya mchele, akapita nyumba kwa nyumba anauliza nani ana simu yenye chaji. Akampata mama mmoja mwenye mstari mmoja uliobaki. Yule mama alijua akimpa hatapiga simu yake usiku ule. Akampa. Mdogo wangu sasa hivi yupo kidato cha nne, msumbufu kweli kweli, na kila akinisumbua nakumbuka ule mstari mmoja.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema watu wa vijijini wamechelewa teknolojia, namwona hajui teknolojia ni kitu gani. Kujua kwamba laini na simu na betri ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinaweza kuazimwa peke yake, sisi tulijua darasa la tatu.

Baadaye zikaja simu za Mchina. Laini mbili au tatu, spika kubwa kama la harusi, memori kadi ya kujaza nyimbo. Cinderella ya Ali Kiba, halafu Diamond alipoanza kuvuma, na mwaka 2012 Kigoma All Stars na Leka Dutigite yao, hapo ndiyo kabisa, kila mtumbwi unaotoka unaipiga. Vijana tulirushiana kwa Bluetooth, na mwenye simu yenye chaji kidogo anawekwa mwishoni mwa foleni asije akakata katikati.

Halafu ikafika tarehe 16 Juni 2016. Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu zote feki nchini, zile ambazo namba zake za IMEI hazitambuliki. Mchina wa mjomba ulikuwemo. Asubuhi yake hauna mtandao kabisa. Kwa sheria ile simu ilikufa siku hiyo. Kwa mjomba haikufa: tochi inawaka, redio inaongea, nyimbo zipo. Aliipigilia msumari wa kuning'iniza ukutani na ikawa redio ya jikoni kwa miaka mingine mingi. Kifaa kwetu hakizikwi mpaka betri ikatae.

Sasa lile jina la Matsushita. Betri ya Nokia 1100 inaitwa BL-5C, mnaijua, ile bapa ya volti 3.7. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri za BL-5C zipatazo milioni 46 zinaweza kupata moto kupita kiasi zikiwa zinachajiwa, wakajitolea kuwabadilishia wateja. Betri hizo zilitengenezwa na nani? Matsushita! Wale wale wenye National ya babu. Niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo. Kampuni moja ilimlisha babu kwa betri kavu na ikamlisha mjomba kwa betri ya simu, na wenyewe hawakuwahi kujua kama kuna kijiji kinaitwa Ilagala. Na BL-5C haijafa mpaka leo. Zile redio ndogo za Kichina za memori kadi zinazouzwa minadani, fungua nyuma uone: BL-5C. Simu imekwenda, betri imebaki.

Kichekesho kikubwa ni mto. Malagarasi unapita pale pale, maji usiku na mchana, na huko juu kuna maporomoko ya Igamba. Mwaka 2008 Tanzania ilitia saini na Marekani msaada mkubwa wa MCC, na ndani yake kulikuwa na mpango wa umeme wa Igamba kwa ajili ya Kigoma. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe adimu mtoni wanaoweza kupotea, mpango ukasitishwa, Kigoma ikaletewa sola kwenye shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wa mtambo wa karibu megawati 50 kwenye mto huo huo. Mkoa wetu ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, jenereta za dizeli za Kasulu na Kibondo zikazimwa. Miaka yote hiyo wavuvi wa dagaa walitoka usiku na karabai zao za mafuta ya taa, ziwa linawaka kama mji, halafu alfajiri wanarudi kwenye kijiji chenye giza.

Haya. Sasa nawarudisha kwenye kanda.

Babu alifariki mwaka 2004, nikiwa na miaka mitano. Namkumbuka mikono, harufu ya tumbaku, basi. Sauti yake sina. Mwaka jana baba mdogo, ambaye alihamia Dar zamani, alinikabidhi kanda hii. Imeandikwa kwa kalamu: Ilagala, Februari 1993. Ni barua. Babu hakupenda kuandika, kwa hiyo alirekodi salamu zake akampa mtu aliyekuwa anapanda treni.

Redio kaseti yenyewe niliibeba toka nyumbani kwenye begi, imefungwa kwa khanga ya bibi. Mpira wa mota ulikuwa umeyeyuka umekuwa kama lami. Fundi mmoja wa Kariakoo akaweka mpira aliouchomoa kwenye deki ya DVD, akasafisha hedi kwa spiriti, elfu tano. Nikachomeka ukutani, nikaunganisha waya kwenye laptopu, nikabonyeza.

Mwanzo ni mzuri kabisa. Mzee anaongea taratibu, anasalimia, anasema bei ya dumu la mawese, anasema mtumbwi umetoboka. Kisha anasema nitasema upesi, betri hizi ni za kuanika. Na kweli, kadiri dakika zinavyokwenda sauti inapanda. Inakuwa nyembamba, inakimbia, mwishoni ni kama mtoto anayezungumza ameziba pua. Rumeti alicheka. Mimi sikuweza.

Nikachukua muda kuelewa. Kanda inatakiwa kutembea sentimita 4.76 kila sekunde. Babu alipokuwa anarekodi betri zilikuwa zinakufa, mota ikawa inachelewa, kwa hiyo maneno mengi yakalala kwenye kanda fupi. Mimi napiga kwa umeme wa ukutani, mwendo kamili, kwa hiyo yanakimbia. Yaani kifo cha betri kilirekodiwa pamoja na sauti. Umeme wetu mwingi wa mjini ndio unaomfanya babu asisikike!

Dawa yake ipo. Kuna programu ya bure inaitwa Audacity, ilitoka mwaka 2000, inaweza kupunguza mwendo. Nikaikata barua vipande, kila kipande nikakipunguza zaidi ya kilichotangulia. Tatizo likawa moja: nipunguze mpaka wapi? Mimi sauti yake siijui. Ikabidi nimpigie dada amshikie bibi simu, niwe natuma vipande kwa WhatsApp.

Cha kwanza bibi akajibu, "Hapana, huyo ni kama kakasirika." Nikapunguza. "Huyo sasa ni mlevi, na babu yako hakunywa." Nikapandisha kidogo. "Huyo ni kaka yake." Teh teh, nikapunguza tena kidogo sana, nikatuma. Kimya. Dakika tano, kumi. Nikampigia dada, akasema bibi kachukua simu katoka nayo nje, kakaa chini ya mwembe.

Kwa kipimo hicho nikatengeneza mpaka mwisho. Ule mwisho ambao kwa mwendo wa kawaida ulikuwa milio mitupu, sasa ukawa maneno. Babu anasema, na jambo lingine mwanangu, nataka nikueleze habari ya... Hapo inaingia sauti ya mwanamke kijana, kali, toka mbali kidogo: "Wewe mzee, hebu zima! Betri utanunua wewe?" Kisha tak. Mwisho wa barua.

Nilifikiria kutomtumia kile kipande. Nikakaa nacho siku mbili. Mwisho nikaona sio haki, ni sauti yake pia. Nikatuma, nikapiga simu papo hapo.

Bibi akasikiliza mara mbili. Akasema, "Kumbe ni mimi niliyemzima." Nikamwambia bibi, betri zilikuwa zinaisha hata hivyo, zingekata zenyewe. Akasema anajua, ila alikuwa anataka kusema nini? Nikasema baba mdogo nimemuuliza, hajui. Akanyamaza. Halafu akacheka kidogo, akasema yule mzee hata angepewa betri mia asingemaliza.

Halafu akaniuliza, "Hapo ulipo umeme upo?"

Nikasema upo, bibi.

"Basi mrudishe mwanzo, usimzime."

Nikaweka simu karibu na spika, barua ikaanza upya. Salamu, mawese, mtumbwi. Rumeti wangu alikuwa amekaa kitandani na simu yake mpya, hakusema kitu. Baadaye akaniazima chaja yake, maana simu yangu ilikuwa imebaki asilimia nne na bibi alikuwa bado anasikiliza.

Haya wadau, ndiyo hivyo. Kama nyumbani kwenu kuna kanda kabatini, msisubiri mpira uyeyuke. Bumu likitoka tutaonana mjini. Tupo pamoja.